Kilo Kumi na Moja

Shuleni mizani ilikuwa ya shairi, nane kwa nane.
Hapa ni chuma, ina sindano, na inapima watu.
Saa kumi na moja alfajiri, Jengo la Kwanza,
feni moja inazunguka kama imelazimishwa,
nami, mistari miwili begani,
nawapandisha abiria mmoja mmoja kama magunia ya korosho.
"Mama, na mkoba pia."
"Mkoba nao unaruka?"
"Unaruka, mama. Hata simu inaruka."

Viti kumi na viwili, injini moja:
ndege yetu haina utani na uzito.
Mwenye kitambi ananiambia sabini
huku sindano inatetemekea tisini na nne.
Naandika tisini na nne. Sicheki.

Mtaani Kipawa naitwa Kapteni.
Vijana wa bodaboda wananisalimu kwa kutanua mikono kama mbawa,
muuza chapati ananipandishia bei kwa heshima.
Mama Ngwamba mwenye nyumba ndiye pekee anayejua:
"Rubani gani wewe, kodi miezi mitatu hujalipa,
na ndege unapita nayo juu ya bati langu?"
Nitamwambiaje
kwamba malipo yangu ni saa za kwenye daftari,
na saa hazikaangi dagaa?

Mia nne na kumi na mbili.
Zinatakiwa elfu moja na mia tano.
Mia mbili za kwanza ni kiwanja cha Vikindu,
alichokiuza mama bila kuniuliza.
Tukishaipita Mbagala nakitafuta kwa macho:
kina bati la bluu sasa,
na nguo za watoto kwenye kamba.
"Unatazama nini huko?" huuliza Kapteni Lyatuu.
"Mawingu, Kapteni."

Jumanne ile Bi Sikudhani alikuja na kichwa cha cherehani
amekifunga kwa kanga, kama mtoto mwenye homa.
Alikitoa kwa fundi Kariakoo, anakirudisha Mafia;
sare za shule zinamngoja, shule inafunguliwa.
Nikapima. Nikajumlisha.
Nikajumlisha tena, polepole, labda namba zitaona haya.
Kilo kumi na moja juu.
"Kibaki. Kije kesho," alisema Kapteni bila kuinua macho.
"Kesho ya nani?" aliuliza Bi Sikudhani,
si kwa hasira; kama mtu anayeuliza bei.

Sijui nini kilinisukuma.
Nilipanda mizani mwenyewe. Sikuvua hata viatu.
Kwenye karatasi naandikwa sabini na nne,
uzito niliokuja nao miezi minane nyuma,
nikiwa na shingo ya kujaza kola.
Sindano ikapanda, ikasita, ikakaa:
sitini na tatu.

Kapteni aliitazama sindano, akanitazama mimi,
akairudia sindano.
Hakusema pole.
Alichukua kalamu, akakata, akaandika upya, akatia sahihi.
"Pakia hicho chuma."

Tukaruka.
Nyuma yangu, ndani ya wavu wa mizigo,
kila wingu lilipotutikisa, kile kichwa kiligonga
tik, tik, tik,
kama kinashona njiani.
Nikauwaza ugali niliouruka,
maharage niliyoyaahirisha,
jioni za maji na kipande cha muhogo:
vyote vimepata nafasi, vinakwenda kisiwani bila nauli.

Jioni, Dar tena, nafunga kamba za magurudumu,
Kapteni akaniwekea chipsi mayai juu ya bawa.
"Kula," alisema. "Ila usiwahi kunenepa.
Alhamisi anasafiri dada yake, na yule ana jiko la oveni."
Akaondoka, akipiga mluzi usio na wimbo.

Nilikula nimesimama.
Kisha nikafungua daftari, vidole vikiwa bado na mafuta,
nikaandika: kwenda na kurudi, saa moja na dakika kumi.
Doa likabaki pembeni mwa namba.
Sikulifuta.